Rangi ya Waridi

Binti yangu alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia, akajitupa juu ya tairi kuukuu.

"Mama, gasketi imekwenda. Maji yamechanganyika na oili."

Kesho yake alitakiwa kuondoka na gari hilo kwenda kuanza kazi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Masanduku yalikuwa tayari kwenye buti. Na gasketi ya silinda hedi maana yake ni kufumua injini. Wiki mbili, ukiwa na bahati.

"Nitawapigia wanisubiri," alisema. "Wakikataa, basi. Nitabaki hapa nikusaidie na rejeta zako. Utanivumilia?"

"Wakikataa, kazi wanampa nani?"

"Mwingine. Walisema wazi, Jumatatu au basi."

Nilichovya kidole kwenye maji. Karakana yangu ni ya rejeta tu, tangu marehemu baba yake akiwa hai, na maji machafu nayajua kama nguo zangu. Oili ya injini ikiingia humo, maji huwa kama chai ya maziwa. Haya yalikuwa ya waridi. Oili ya giaboksi ndiyo nyekundu, nayo hupita ndani ya rejeta, kwenye kibomba chake cha kupozea. Kibomba kimetoboka. Kazi ya mchana mmoja.

Nilifuta kidole kwenye ovaroli. Niliendelea kukifuta hata kilipokuwa kimeshakauka. Yeye alikuwa anatafuta namba kwenye simu, na mimi nilikuwa naziona zile wiki mbili: sahani mbili mezani, mtu wa kugombania naye redio.

"Weka simu," nikasema. "Hiyo si gasketi. Lete spana."

"Una hakika?"

"Umekulia humu halafu hujui waridi na kahawia? Usimwambie mtu mimi ni mama yako."

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Bado nyekundu, safi. Maji hayajaingia huko. Yangeingia, giaboksi ingekufa.

Tuliishusha rejeta, tukaziba ncha moja ya kibomba, ya pili tukaunga mpira wa kompresa, mashine ya upepo. Kupima kunataka watu wawili. Rejeta yenye upepo haikubali kuzama, kwa hiyo mmoja huikandamiza ndani ya tangi na kukodoa macho, mwingine hukaa kwenye koki ya upepo, upande wa pili wa karakana.

"Fungua," nikasema.

"Tayari. Umeona?"

"Bado. Ongeza."

"Labda ni gasketi, mama."

"Unataka iwe gasketi?"

Aliizungusha koki. Ndipo vikaja viputo, vidogo, vimefuatana kama siafu.

"Nimeona. Funga."

Nilifungua tangi la chini la rejeta, nikalehemu kibomba, nikalirudishia. Tukapima tena.

"Umeona?"

Nilitazama sana. "Hakuna kitu," nikasema.

Asubuhi niliegemea dirisha la gari, yeye akiwa kwenye usukani. "Kila ukisimama, angalia kijiti. Ukiona waridi, zima gari, nipigie."

"Na nisipoona waridi, nisipige?"

"Piga tu."

Alipiga jioni. "Nyekundu, mama. Nyekundu kabisa." Kisha nikamsikia anafungua mlango wa chumba asichokizoea, ufunguo unakwama.

"Haya, nenda ukale," nikasema.

Jumatatu dereva wa lori aliniachia rejeta yake, akaenda zake. Niliziba matundu, nikaunga mpira, nikaitumbukiza kwenye tangi na kuikandamiza kwa mikono miwili, nikainama.

"Fungua," nikasema.

Kompresa ilikuwa inanguruma upande wa pili. Niliiachia rejeta, ikapanda juu, nikazunguka kwenda kufungua mwenyewe. Nilirudi na matofali mawili.