Kona ya Othmar

Nimezaliwa Ngumbo, ufukweni mwa ziwa, na nilijua kuogelea kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe nilivipata darasa la nne. Kwa hiyo mwaka tisini na saba, kamati ya bwawa la kuogelea la Mbinga mjini iliponiteua kuwa mwokoaji mkuu, sikushangaa. Niliwaambia tu kwamba wamechelewa.

Bwawa hilo tuliachiwa na wahandisi wa barabara walipovunja kambi yao, likawa la wananchi wote. Wakulima wa kahawa walishuka kutoka milimani kuja kulitazama, wakaanza kuingia wawili wawili huku wameshikana mikono. Nilikabidhiwa filimbi, kiti kirefu cha mbao chenye ngazi, na msaidizi mmoja, Othmar.

Othmar alikuwa Mmatengo wa Kitura, kule milimani, mtu wa miaka hamsini na kitu. Mimi nilikuwa na thelathini na mbili. Kuogelea alijifunza ukubwani, na akivuka bwawa kwa upana tu alitoka anatweta kama aliyepandisha gunia la mahindi kilimani. Kwa umri wake nilipaswa kumpa shikamoo kila asubuhi. Sikumpa. Mimi ndiye mkuu, nilijiambia, aanze yeye. Naye alianza, bila kinyongo.

"Habari za asubuhi, mkuu wangu."

"Nzuri," nilimjibu, mguu mmoja uko tayari kwenye ngazi.

Kilichoniudhi hasa ni kona yake. Nilimwagiza azunguke bwawa zima. Yeye, watu wakishaingia tu, alikwenda kupiga magoti kwenye kona ya upande wa kina na mwanzi wake mrefu mkononi, macho yakiufuata ukuta. Waogeleaji wako katikati, yeye anakagua saruji!

"Mzee, watu wako kule!" nilimpigia kelele.

"Nawaona, mkuu," alijibu, na hakuondoka.

Nikamwita mlinzi wa nchi kavu. Watu walicheka, na yeye alicheka nao.

Miaka ile ilikuwa ya kupunguza wafanyakazi kila mahali, na Desemba zamu ikatufikia sisi. Kamati ilisema huenda mwokoaji mmoja anatosha, ikanitaka niandike barua kueleza kama msaidizi anahitajika. Nilijua Othmar alikwisha kupunguzwa mara moja, kwenye ghala la kahawa, na kwamba ana watoto watatu shuleni. Hata hivyo nikaandika kwamba hahitajiki. Mstari wa mwisho naukumbuka mpaka leo: "Hana kazi anayoifanya isipokuwa kupiga magoti konani." Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni mwa kaptura nimkabidhi katibu jioni.

Ilikuwa Jumamosi, shule zimefungwa, na nilikuwa nimemleta binti yangu Lidia, mwenye miaka sita. Baba yake ni mtu wa Kitura, na mtoto alikuwa ametoka kukaa wiki tatu shambani kwa bibi yake. Kuogelea hakujua. Mganga hajigangi: nilikuwa nimefundisha watoto wa nusu ya mji, wangu nikimwambia kesho, kesho. Nilimketisha kwenye benchi chini ya kiti changu na kumwonya asibanduke.

Vijana wawili wakaanza kuzamishana katikati ya bwawa. Nikapuliza filimbi, nikasimama juu ya kiti, nikawapa maneno yao. Kukaripia nakupenda, sifichi, na siku hiyo nilikaripia mpaka nikaridhika. Nilipotazama chini, kwenye benchi palikuwa na kandambili tu.

Hakuna aliyepiga yowe. Anayezama hapigi kelele, hilo tunalijua sote tuliokulia ziwani. Nikatazama katikati, maana ndiko nilikozoea kutazama. Hayuko. Nikatazama upande wa maji mafupi. Hayuko.

"Nimempata, mkuu." Ilikuwa sauti ya Othmar, ya kawaida kabisa.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kona yake, mkono umezama mpaka begani, anamvuta mwanangu kwa mkanda wa gauni. Akamtoa, akamlaza ubavu. Lidia akakohoa, akatapika maji, akaangua kilio. Sijapata kusikia kitu kitamu kama kilio kile. Sikumbuki nilivyoshuka kitini, ila kovu la goti linaonyesha kwamba ngazi sikuitumia.

"Umefikaje huku?" nilimuuliza nikimkumbatia.

"Nilipita pembeni, mama. Pembeni si hakuna kina?"

Sikumwelewa. Othmar ndiye aliyenieleza, huku akikamua shati lake.

"Sisi ndivyo tunavyojua, mkuu. Kwetu shambani tunachimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni. Mvua ikinyesha maji hukaa katikati ya shimo, na pembeni ni matuta, ndipo pa kukanyaga. Mtu wa mlimani akiogopa maji hukimbilia pembeni. Hapa anaingia kule kwenye maji mafupi, anaushika ukuta, anatembea nao taratibu akijiona yuko salama. Akifika konani hapa, sakafu hana." Akampangusa Lidia uso. "Ndiyo maana nakaa hapa. Wengi nawahi kuwapa mwanzi kabla maji hayajafika kidevuni. Huyu mdogo ametumbukia ghafla. Ni wa saba kwenye kona hii."

"Wa saba! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mkuu. Ulikuwa unapuliza filimbi."

Hakusema kwa kunisuta, na hilo ndilo lililoniuma. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wangu ulikuwa umevimba kwa miezi mingi.

Jioni ile barua niliichana, nikaandika nyingine. Nilieleza habari ya kona, nikamalizia kwamba kama mwokoaji mmoja anatosha, basi abaki Othmar. Baada ya wiki mbili kamati ilitubakiza wote wawili, na fundi akapaka rangi nyekundu ukutani pale kina kinapoanzia. Lidia alijifunza kuogelea kabla ya Pasaka. Namshukuru Mungu kwa yote hayo, na baada ya Mungu namshukuru mtu mmoja.

Lakini yeye mwenyewe nilimwendea mapema zaidi, asubuhi iliyofuata Jumamosi ile. Nilimkuta anafagia ukingo. Kiti changu nilikipita, nikaenda mpaka konani, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Othmar aligeuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayesalimiwa. Hapakuwa na mtu. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Mtoto ameamkaje?"