Sekunde Kumi na Moja

Kwetu Mwanza gari lenye jeneza hufungwa matawi mbele, huwasha taa zote, na watu huliachia njia. Trafiki wa Mkuyuni husimamisha magari mengine. Bodaboda husogea pembeni na kuvua kofia. Sijawahi kuona gari la msiba likisubiri taa.

Ndiyo maana alfajiri ile, huko Kigali, mjomba Revocatus alivunja matawi kwenye uzio wa hospitali akayafunga mbele ya gari letu la Noah kwa kanga yangu. Nyuma tulikuwa na kaka yangu Pius. Alikwenda kule kujenga maghorofa, ini likamwangusha kwa wiki mbili. Mjomba haendeshi. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini leseni ninayo, na huu ni mwaka wa pili nabeba samaki wa soko la Mwaloni kwa gari hilohilo. Tajiri wangu, Mama Bushra, aliliosha kwa mkono wake mwenyewe ndipo akanipa ufunguo.

"Wameanza kuchimba," mjomba alisema, simu bado iko sikioni. "Baba yako anataka tufike kabla jua halijazama. Kaburi halilali wazi."

Hilo nyumbani halina mjadala. Kutoka pale mpaka kwetu Kisesa ni mwendo wa kutwa, na mpakani kuna karatasi za maiti. Tena saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo siku yetu ilikuwa imepungua kabla hatujawasha gari.

Kule wanaendesha upande wa kulia. Jana yake nilikuwa nimefuata malori kutoka mpakani Rusumo, nikifanya wanavyofanya. Asubuhi hiyo hapakuwa na lori la kufuata. Kwenye makutano ya kwanza nikakuta taa ya duara jekundu, pembeni yake mshale wa kijani umeelekea kulia, na juu namba zinapungua. Sisi tulikuwa tunakata kushoto. Nikasimama.

"Unasubiri nini?" mjomba aliuliza.

"Nyekundu, mjomba."

"Na ile ya kijani ni ya nani? Pita, mama. Una marehemu humu, wanakuona."

Sijazoea kubishana na mtu mzima. Nikawasha taa za dharura, nikapita.

Pikipiki ilitoka mbele yetu, inakwenda moja kwa moja. Nilikanyaga breki. Jeneza liliteleza likagonga mgongo wa kiti changu. Yule mtu aliilaza pikipiki ili asiingie kwenye kioo chetu, akaburuzika nayo mpaka karibu na tairi. Alipoinuka, kiwiko kilikuwa kinachuruzika damu. Alitazama matawi, akatazama nyuma ya gari, akakaa ukingoni mwa barabara bila kunitukana. Afadhali angetukana.

Askari alifika. Alizungumza Kiswahili cha taratibu.

Mjomba alimuwahi. "Afande, tusamehe. Huyu binti hakusoma. Taa zenu hazielewi."

"Ni kweli?" askari aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi huondoki mpaka uzielewe."

Nilisimama naye kando ya barabara, taa zikabadilika mara tatu mbele yetu. Watu waliokuwa wakienda kazini walinitazama. Kisha akaanza kuuliza, kama mwalimu.

"Mshale ni wa nani?"

"Wa anayekwenda kulia."

"Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kushoto."

"Kwa hiyo yako ilikuwa ipi?"

"Nyekundu."

"Na namba?"

"Zinahesabu muda wa kusimama uliobaki."

"Ulipopita zilikuwa zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema.

Mtu asiyeelewa taa asingekumbuka namba, hilo wote wawili tulilijua. Hakulisema. Alikwenda kumsaidia yule wa pikipiki kufunga jeraha, akaandika karatasi zake, na aliponirudishia leseni saa mbili zilikuwa zimepotea.

Taa nyingine zote za mji ule nilizisubiri. Mjomba alikuwa akitazama saa yake, hakuniambia nipite tena.

Tulipanda daraja la Busisi jua likiwa limeshagusa maji ya ziwa. Tulipoingia Kisesa lilikuwa limezama. Wanaume walikuwa bado wamesimama na majembe yao. Walikuwa wameshakata mgomba, wameulaza kaburini mahali pa kaka ili kaburi lisilale tupu.

Baba alikuja dirishani upande wa mjomba. Mzee Yakobo si mtu wa kupaza sauti.

"Mmekwamia wapi, shemeji?"

"Taa za kule, shemeji. Hazieleweki kabisa. Binti alichanganyikiwa, nani angemlaumu?"

Mjomba alikuwa ananifichia aibu, na ilikuwa rahisi kuitikia tena. Mama alikuwa ameshafika nyuma ya gari, ameweka viganja viwili kwenye kioo.

"Zinaeleweka, baba," nikasema. "Niliona nyekundu nikapita. Kulikuwa na mtu wa pikipiki."

Baba alishika mlango.

"Amekufa?"

"Hapana. Aliumia kiwiko."

"Umemwona akisimama kwa miguu yake?"

"Nimemwona."

Aliuachia mlango. Halafu akawageukia wale wenye majembe.

"Nendeni mkale," akawaambia. "Haraka imetosha. Tutazika asubuhi."