Mpishi Aonje Kwanza

Kufika saa mbili asubuhi Zabibu alikuwa ameshatoa trei sita, na magoti yalikuwa yameanza kumsema. Alivuta stuli, akakaa mbele ya oveni, akaitazama trei ya saba kupitia kioo kama mtu anayetazama basi asilotaka kulipanda. Ilikuwa mikate midogo ya mviringo, ya saizi ya kiganja, yenye iliki kwenye unga, na katikati ya kila mmoja kishimo kilichojazwa kastadi ya manjano. Ikishatoka ilipakwa sukari laini pembezoni na kunyunyiziwa nazi. Jina lake skulebola. Huko Norwei, alivyoambiwa, watoto hufungiwa waende nayo shule.

Yeye hakuwahi kufika Norwei. Alikuwa Myao wa Masasi, mjane, mama wa Mujibu, na kwa miaka ishirini na mbili aliuza maandazi Mkomaindo, hatua chache kutoka geti la hospitali. Alipikia kuni. Moshi ulimwingia kifuani, ukapanga, ukagoma kuhama. Mwezi wa Rajabu daktari mmoja kule Ndanda alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akatoa vifaa masikioni, akasema, "Mama, achana na moshi. Sikuambii upunguze. Nakuambia uachane nao."

Zabibu alimuuliza kama atamlisha yeye. Daktari akacheka, lakini maneno hakuyabadilisha.

Siku hizo hizo ndipo alipotokea Mzee Alfredi wa Newala, ambaye watu walimwita Baba Silvano. Alikuwa bwana misitu mstaafu. Ujanani alisomeshwa Norwei miaka miwili, akarudi na cheti, sweta la sufu na kumbukumbu ya mkate mmoja. Sasa, uzeeni, kwa fedha za mwanawe Silvano aliyekuwa Dar es Salaam, alikuwa amejenga bustani ya michezo nje kidogo ya mji wa Newala, karibu na pale uwanda unapokatika. Kila kona ilikuwa nchi. Misri ilikuwa na piramidi ya saruji ya kutelezea. China ilikuwa na geti jekundu lenye joka, na bembea nyuma yake. Norwei ilikuwa nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu, na ndani mlikuwa na jiko la gesi lenye oveni, bomba la maji, kabati la kioo, na chumba kidogo cha mpishi kulala.

"Gesi tupu?" Zabibu aliuliza siku aliyoletwa kupaona.

"Gesi tupu."

Hakuuliza swali la pili.

Mlangoni pa nyumba hiyo lilisimama zimwi la mti. Baba Silvano alikuwa amemweleza mchongaji wa Kimakonde jinsi mazimwi ya Norwei yalivyo: pua ndefu, mkia, nywele ovyo. Mchongaji aliitikia kila kitu, kisha akaenda kuchonga alichokijua, shetani wa macho yaliyotumbuka na mdomo uliokwenda upande. Baba Silvano alilitazama siku nzima, mwishoni akasema linafaa. Pia alitaka Zabibu avae sweta akiwa kazini, watu waipate Norwei vizuri. Zabibu alimwambia kwamba aliye karibu na oveni ya moto wa mia mbili ni yeye, si Norwei.

Sasa siku ya ufunguzi ilikuwa imefika, baada ya kuahirishwa mara mbili kwa ajili ya mvua na rangi isiyokauka, na ilikuwa imeangukia siku mbaya. Mwezi ulikuwa thelathini. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulikuwa unakwisha jua likizama. Zabibu alikuwa kwenye siku ya mwisho ya sita zake, zile funga sita za sunna za mwezi huo. Alizifunga kwa mafungu mwaka huu, kifua kikimruhusu, akabakisha moja hadi ukingoni. Isingekuwa leo, isingekuwa tena. Hakuwahi kuacha sita tangu alipoolewa. Marehemu Awadhi alikuwa mtu mbishi, na yeye hakuwa na nafuu. Wawili hao waligombana juu ya chumvi, juu ya ndugu, juu ya upande wa kulala. Lakini sita walizifunga pamoja kila mwaka bila neno. Awadhi alipofariki, Zabibu aliendelea nazo peke yake. Ndicho kitu pekee walichowahi kukifanya bila kugombana, na hakutaka kukiharibu.

Stella, binti wa ndugu yake Baba Silvano, aliyepewa kazi ya kuuza, aliingia akifunga aproni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Kaka Silvano alinipigia jana." Stella alianza kupanga mikate kwenye kabati bila kumtazama. "Anasema pesa yake haiwezi kukaa kwenye mambo ya kizungu ya baba. Jioni nimpigie. Mikate ikilala, Jumatatu analeta kikaango cha chipsi na mkaangaji wake."

"Na mimi?"

"Hakukutaja."

Zabibu alifungua oveni, akatoa trei ya saba. Akaona sufuria lake la maandazi kule Mkomaindo, limening'inizwa ukutani bado jeusi, linamsubiri. Akafunga oveni kwa goti.

Saa tatu geti lilifunguliwa. Watoto waliingia kama maji. Piramidi ilijaa, bembea zilijaa, na wazazi, baada ya kuzunguka, walisogea Norwei mmoja mmoja, wakilipita zimwi kwa mbali. Walikuja hadi kwenye kabati. Waliinama, wakatazama. Hawakununua.

Waliorundikana walipofika ishirini hivi, mama mmoja mtu mzima mwenye wajukuu wawili, kila mkono mmoja, alisogea mbele. Wenzake walimwita Mama Yeremia.

"Hiki cha njano ni nini?"

"Kastadi, mama," Stella alisema. "Mayai, maziwa na sukari."

"Limeiva hilo yai?"

"Limeiva."

"Kapika nani?"

Stella alimwonyesha Zabibu, aliyekuwa stulini. Zabibu akanyanyuka, kwa kuwa adabu haichoki hata mtu akichoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Masasi."

"Kabila?"

"Myao."

Mama Yeremia aliwageukia wenzake. "Si niliwaambia? Mtani huyu. Kaja kutumaliza."

Watu wakacheka. Zabibu alicheka kidogo, jinsi utani wa Wamakonde na Wayao unavyodai. "Zimwi mmechonga wenyewe, mnaliogopa. Sasa na yai mnaliogopa. Mna kazi nyie."

"Zimwi tunamjua baba yake," Mama Yeremia alisema. "Wewe hatukujui. Haya, onja tule."

Hilo Zabibu alilijua tangu utotoni, ila alikuwa amelisahau. Mgeni akikupikia, mgeni aonje kwanza, awe mpishi wa pombe, wa ugali au wa maji ya kunywa. Si tusi. Ni kama kubisha hodi. Mkomaindo hakuna aliyewahi kumwambia aonje, kwa sababu Mkomaindo kila mtu alimjua yeye, mama yake na bibi yake. Hapa alikuwa mwanamke wa Masasi aliyekaa ndani ya nyumba nyekundu na mikate yenye macho.

"Nitaonja mimi," Stella alisema, akachukua mmoja, akaumega, akala nusu mbele yao.

Mama Yeremia alimsubiri ameze. "Hongera, mwanangu. Ndiye aliyepika huyu?"

"Hapana, lakini..."

"Basi."

"Nimefunga," Zabibu alisema.

"Mwezi si umekwisha? Pilau yenu ya Idi tumekula hata sisi Wakristo."

"Sita."

Utani ulikatika hapo. Mama Yeremia aliitikia kwa kichwa, polepole, kwa heshima kabisa. "Sawa, mwanangu. Hatukuvunjii funga yako. Tutakuja siku nyingine." Aliwashika wajukuu wake, akawageuza. Mkubwa alilia kidogo akitazama nyuma. Wengine wakafuata, bila nongwa, wakaenda Misri. Hakuna aliyesema neno baya. Angalau lingesemwa baya angepata la kujibu.

Zabibu alikaa tena kwenye stuli. Mikate ilipangwa ndani ya kioo safu kwa safu, imeng'aa. Saa nne ikapita. Watu wapya walikuja, wakasimuliwa na wale wa kwanza, wakaishia mlangoni.

Saa tano kasoro Baba Silvano aliingia kwa fimbo yake, akiwa ndani ya sweta, jasho likimtiririka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Sukari ilimlaza wiki mbili mwezi wa Ramadhani, akatoka hospitali akiwa amepungua kidole kimoja cha mguu. Stella alimweleza yote kwa sauti ya chini. Mzee alisikiliza, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua, akachukua skulebola moja kwa mikono miwili.

"Nitakula mimi. Hapo mlangoni, wanione. Nyumba ni yangu, nitakula mimi."

"Rudisha," Zabibu alisema.

"Mama Mujibu, nimekaa miaka arobaini bila..."

"Kaa tena. Huna vidole vya kuchezea. Na hata ukila wote, haisaidii. Wanamtaka aliyepika."

Mzee hakurudisha. Alisimama ameushika mkate, akiunusa, na Zabibu aliona midomo yake inatetemeka kama ya mtoto aliyenyimwa. Akajua kwamba akigeuka tu kutazama oveni, mzee ataula. Asingeula kwa ajili ya biashara. Angeula kwa sababu alikuwa amechoka kungoja, na nyumba yenyewe inakwenda kuwa banda la chipsi, basi angalau aondoke na ladha.

Zabibu alitazama saa ya ukutani. Saa tano. Yalibaki masaa saba na ushee. Masaa saba, na sita za Awadhi zingekuwa zimetimia kama kila mwaka. Baada ya hapo Jumatatu, kikaango, basi la Masasi, kuni. Alimwuliza Awadhi kimoyomoyo angefanyaje, akajuta papo hapo, maana alijua Awadhi angebisha, upande wowote ambao yeye angeuchukua. Funga ya sunna mtu ana ruhusa ya kuifungua. Hilo alifundishwa madrasa. Hakufundishwa kwamba ingeuma.

Alinyanyuka. Akauchukua mkate mikononi mwa mzee, akabeba trei moja kwa mkono mwingine, akatoka. Alilipita zimwi, akavuka majani yenye tope hadi Misri, akasimama chini ya piramidi mahali ambapo wazazi walikuwa wamekaa kwenye benchi.

"Mama Yeremia. Niangalie."

Akasema bismillahi, akauma.

Majaribio yote alikuwa ameyaonja usiku, baada ya futari, tumbo likiwa limejaa uji na mihogo, akitafuta makosa tu. Sasa tumbo lilikuwa tupu tangu daku. Iliki ilimpanda puani, kastadi ikayeyuka, nazi ikabaki kwenye meno. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuudhi. Aliula wote, bila haraka, akalamba sukari kidoleni, huku watu wote wa Misri wakimtazama. Hata watoto waliokuwa juu ya piramidi waliacha kuteleza.

Mama Yeremia alitazama jua lilipo, kisha akamtazama yeye. "Umefungua?"

"Nimekula."

"Kwa ajili yetu sisi?"

"Kwa ajili ya kifua changu, mama. Nikitoka kwenye nyumba ile narudi kwenye moshi. Chukua basi, mikono imechoka."

Mama Yeremia alichukua. Aliuma yeye kwanza, akatafuna kwa muda, kisha akaugawa uliobaki vipande viwili, akawapa wajukuu. "Andazi," alisema. "Ni andazi lenye jicho. Myao kazunguka mpaka Ulaya kutuletea andazi." Akachukua la pili.

Trei iliisha pale pale. Stella alileta nyingine mbio, na nyingine. Jina la skulebola halikufika saa sita mchana. Kufikia hapo kila mtoto alikuwa analilia jicho. Zabibu alioka bila kukaa. Alikunywa maji bombani mara moja, yakampita kooni kama kitu kisicho chake, hakurudia. Saa kumi kabati lilikuwa tupu, na Stella alikuwa nje anaongea na simu, akimwambia Kaka Silvano abaki na kikaango chake.

Jua lilipokaribia kuzama watu walikuwa wameondoka. Zabibu alikaa kwenye ngazi ya nyumba nyekundu, pembeni ya zimwi, miguu ameinyoosha. Baba Silvano alikuwa upande wa pili, sweta amelivua, amelikunja mapajani. Kutoka mjini ikaja adhana ya magharibi. Mkono wa Zabibu ukaingia wenyewe mfukoni mwa aproni, ukatoa tende tatu alizozifunga kwenye karatasi alfajiri. Alizitazama.

Mzee alimsogezea kikombe cha maji.

"Nimekula tangu saa tano, Baba Silvano."

"Najua. Kunywa tu."

Alikunywa. Tende alizifunga tena, akazirudisha mfukoni. Zingekaa.

"Ilikuwaje?" mzee aliuliza. "Ladha yake."

Zabibu alifikiri. Angeweza kumdanganya, ampunguzie. "Tamu sana," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akatazama kule uwanda unakokatika, ambako ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni.

"Kesho lete unga," Zabibu alisema. "Na hilo sweta usinirudie nalo."

Saa hizi, kila siku, ndiyo ilikuwa saa ya kikohozi. Kilimjia baada ya kazi, akishakaa, kikamkunja hadi machozi. Aliweka kikombe chini, akajishika ubavu kama alivyozoea, akakisubiri. Kilikuwa kimechelewa. Alikaa pale mkono ubavuni, akiendelea kukisubiri.