Fundo la Suruali ya Jhunu

Maabarani, Nirupama alivunja lakiri ya kifurushi cha polisi, akachana kitambaa, na harufu ikamfikia kabla hajaona kitu. Ukungu. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki, na mfukoni suruali ya Jhunu, binti aliyebakwa, iliyofungwa ikiwa mbichi msimu wa mvua, miaka mitatu nyuma.

"Plastiki tena! Jamani, hivi mna akili kweli nyie polisi?"

Koplo Pradhan, aliyeleta mzigo, aliangalia viatu vyake. "Mvua ilikuwa kubwa, daktari. Nikasema isilowe."

"Si ilishalowa!"

Nirupama alichoka, basi tu. Unyevu ulikuwa umekula vinasaba, na Jumatatu kesi inasikilizwa. Tajiri wa kiwanda cha korosho anaapa hajawahi kumgusa Jhunu. Maabara isipompata kwenye nguo ile, anatoka zake kifua mbele.

Siku mbili Nirupama alikata vipande vyenye madoa, akatafuta vinasaba, akapima. Mashine ikatoa mstari mtupu. Akakata tena. Mtupu. Hakikubaki kitu ila kamba ya kiunoni, imefungwa fundo gumu. Aliyemvua Jhunu kwa nguvu lazima aliishika, na ndani ya fundo ukungu haukupenya. Akalikata lote, akalimaliza kwenye kipimo, hata uzi wa kurudia haukubaki.

Jibu likatoka safi, la mwanamume, halina pengo. Nirupama alicheka peke yake kama kichaa. Akaliweka kando ya vinasaba vya tajiri.

Havikulingana hata kidogo.

Akampigia simu Pradhan, naye akaja.

"Afande, hii kamba aliifunga nani?"

"Mimi." Alijibu bila wasiwasi. "Ilikuwa inaning'inia wazi, na kituo kimejaa wanaume. Nina binti mkubwa pia, daktari. Nikaifunga vizuri, nikakunja."

"Kwa mikono mitupu?"

Hapo Pradhan akaelewa. Hata hivyo Nirupama alimpangusa mate kwa pamba, akapima. Vinasaba vya fundoni ni vyake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alitamani kumzaba kofi, akashindwa, maana mzee wa watu alikuwa analia.

Akaandika ripoti mistari miwili, kwamba tajiri hakupatikana kwenye nguo, akaipiga mhuri.

"Nipe, nimpelekee Jhunu mwenyewe," Pradhan alisema. "Asiisikie mahakamani."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia nilimwonea aibu, nikamfungia kamba."