Mpini wa Mpingo

Mimi si mwoga, asikudanganye mtu. Nimefukuzana na askari wa kanjo Machakos mjini nikiwa na furushi la mitumba kichwani, na hawakunipata. Lakini bastola ya Baba niliiogopa tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema.

Baba ni mwenye nyumba niliyofanyia kazi kule Al Rayyan, nje kidogo ya Doha. Sisi wafanyakazi wa ndani ndivyo tulivyomwita. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mchezo mmoja wa kipumbavu. Akitoka na bastola chumbani, anamwelekezea mtu, anavuta triga, inalia ka!, halafu anacheka mpaka anajifuta machozi. "Fadhi, fadhi," anasema, yaani haina kitu. Alimfanyia dereva. Akanifanyia mimi nikiwa na sufuria ya wali mkononi, wali wote ukaenda chini. Na nani aliusafisha? Si ni mimi!

Mwaka huo, 2012, mama alipooza upande mmoja. Dada yangu akanipigia analia: "Winfred, njoo umwone akiwa bado anakutambua." Sasa, kutoka Qatar wakati huo ilikuwa lazima mwajiri akupe khuruj, kibali cha kuondoka. Huna khuruj, hata na tikiti mkononi unarudishwa hapo uwanja wa ndege. Nikamwomba Baba. "Kesho, inshallah," akasema. Kesho ikazaa kesho nyingine, nami kila simu ikilia nadhani ni habari ya kifo.

Basi siku moja akaona kifaru cha mpingo dirishani kwangu. Marehemu baba yangu ndiye aliyekichonga, kwetu Wamunyu. Akakigeuzageuza. Bastola ile alipewa na kaka yake mkubwa, na vibao vya mpini vilikuwa vya plastiki, vimepasuka. "Nitengenezee vya mti huu," akasema. "Ijumaa kaka yangu anakuja. Nikishamwonyesha, jioni hiyohiyo nakupa khuruj."

Ningefanya nini? Nilikikata kile kifaru kwa msumeno wa chuma, gereji, na nililia. Lakini mama alikuwa hai na kifaru hakikuwa.

Vibao vilipokaa sura, dereva alitoboa tundu la skurubu, na Ijumaa alasiri Baba akaniletea bastola jikoni nivifunge. "Fadhi," akasema, akaenda zake. Mti lazima usuguliwe ukiwa umeshafungwa, ndipo ulingane na chuma, vidole visikwaruzwe. Na kwetu wanaume huchonga, wanawake tunapiga msasa. Unakaa chini, miguu umeinyoosha, kazi umeikandamiza tumboni isicheze, unasugua. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana mdogo, mikono yangu haijui namna nyingine. Kwa hiyo nikakaa sakafuni, mpini juu, mdomo wa bastola nimeuzika tumboni mwangu, nikasugua huku nikiimba nyimbo za kanisa.

Oloo akachungulia mlangoni. Huyu alikuwa askari wa geti la jirani, Mjaluo mwenye maneno mengi, zamani alikuwa askari jela huko kwao. Alikuja kuomba chai kama kawaida yake. Safari hii uso ulimgeuka majivu.

"Winnie," akasema polepole, "usiguse triga. Iweke sakafuni. Mdomo uangalie ukuta."

"We Oloo, acha mchezo."

"Iweke!"

Nikaiweka. Akainama kando, akachungulia kile kipande cha mviringo kinachobeba risasi.

"Imo moja," akasema. "Na ndiyo inayofuata. Mtu akivuta tu, inatoka."

Woi! Nilijishika tumbo kwa mikono miwili.

"Itoe basi!" nikamwambia.

"Mimi? Alama za vidole vyangu kwa bastola ya mwenyewe? Niozee jela?" Tukasikia viatu vya Baba barazani. Oloo huyo, alitoweka na chai hakunywa.

Baba akaingia, akaokota bastola, akapitisha kidole kwenye mpingo. Akafurahi kama mtoto. "Wallahi, Winfred! Leo unapata khuruj yako."

"Baba, kuna—"

"Baadaye, baadaye. Kaka ameshafika."

Na mimi nikanyamaza. Khuruj ilikuwa mdomoni mwake, niliogopa kumkera akaimeza. Nilisimama jikoni nikijiambia labda leo hatafanya mchezo wake. Mwongo mimi! Nikasogea ukumbini mpaka mlango wa majilisi, pale wanaume wanapopokea wageni, mahali ambapo mwanamke mfanyakazi haingii. Nikasikia wakisifu mpini. Kisha nikasikia kile kicheko chake cha kuanza mchezo.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka mkono wake umenyooka, bastola inamwelekea kaka yake, kaka anatabasamu na kikombe cha kahawa mkononi, kidole kiko kwenye triga. Nikapiga kelele: "Baba, mu fadhi! Mu fadhi! Haiko tupu!"

Wote wakanigeukia. Baba alinitazama kwa hasira ya kuniua, nikajua nimeshaharibu. Akafungua ile bastola kunionyesha upumbavu wangu mbele ya watu. Risasi ikaanguka kwenye zulia.

Yule kaka akaweka kikombe chini, kahawa hajaimaliza, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Baba alibaki ameketi.

Nilirudi jikoni nikingoja polisi. Akaja mwenyewe, akasimama mlangoni akitazama sakafu. "Umeniaibisha kwa kaka yangu," akasema. "Na ungenyamaza ningemuua. Khuruj unayo. Kesho uondoke, usirudi tena. Siwezi kukuona humu ndani."

Njia nzima niliogopa. Uwanja wa ndege niliogopa wataniita nyuma, ndani ya ndege nikaogopa nitakuta kaburi. Nilimkuta mama ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa blanketi, mdomo umepinda upande. Alinitazama kwa muda, nikadhani hanitambui.

"Winfred," akasema kwa shida, "wamekufukuza?"

"Ndiyo, Mama. Kazi imekwisha."

Akanishika kwa ule mkono uliobaki na nguvu.

"Afadhali," akasema.