Kinyozi na Jani la Shangazi

Mkono wangu haujawahi kuharibu kichwa. Waulize wateja wangu. Wapo wenye vichwa kama boga, wapo wenye visogo kama ndoo iliyobonyea, na wote wakitoka kwangu hujitazama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa mpaka wenye magari wakohoe. Nilipungukiwa na kitu kimoja tu: mahali. Nilikuwa nanyolea nje, na mvua ikinyesha mteja anakimbia na nusu kichwa.

Shangazi yangu, fundi cherehani, alikuwa na baraza linalotazama barabara. Nililitamani kama paka anavyotamani jiko.

"Baraza sikupi," alisema, "mpaka nione umetunza kitu kikakua. Kuku wangu ulinitunzia, wakaenda wapi?"

"Walihama, shangazi."

"Ndiyo, walihamia kwenye sufuria."

Basi akanikabidhi mmea wake wa sebuleni. Mmea gani! Majani kama masinia, umepanda kijiti chake mpaka unakaribia dari, umemeza nusu ya dirisha. Lakini shangazi hakuwa na raha nao. Mmea wa aina ile ukikomaa hutoa majani yaliyochanika kingoni kama vidole, na wa kwake ulikuwa bado unatoa mazima tu. Jirani, ambaye wake ulishachanika zamani, alikuwa akiuita mchicha ulioshiba.

Asubuhi hiyo jani jipya lilikuwa limechomoza, limejiviringisha kama mkeka. Shangazi alikuwa anapeleka magauni kwa mteja, lakini mguu mmoja nje, mmoja ndani.

"Hili ndilo! Moyo unaniambia hili litachanika! Mwanangu, usiliguse. Linajifungua lenyewe. Nikirudi nikalikuta salama, lete kiti chako barazani."

"Shangazi, nenda. Umemwachia mtaalamu."

Nje, fundi rangi aliyekuwa anapaka ukuta alicheka peke yake juu ya ngazi. Sikumjali.

Nikakaa nikilitazama. Jani halitikisiki. Nikalinyunyizia maji. Kimya. Nikawaza: shangazi akirudi akalikuta limefunguka wazi, linameremeta, si atanipa baraza na kiti cha kukalia! Na tatizo lenyewe nalijua: hii ni nywele iliyoshikana tu. Nywele iliyoshikana dawa yake mafuta.

Nikachungulia dirishani. Ngazi tupu. Nikatoa chupa yangu ya mafuta ya nywele, nikalipaka jani taratibu, nikaingiza mkia wa kitana kwenye mviringo. Likaanza kulegea! Likafunguka upana wa kiganja, kijani kibichi kama limetoka kuzaliwa, linang'aa, na mimi nimeshapanga kioo kitaning'inia wapi barazani. Nikavuta kidogo tena.

Chwaa!

Likachanika kutoka ukingoni hadi karibu na mshipa wa katikati. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Halafu akili ya kinyozi ikaja mbio. Ukikosea upande mmoja wa kichwa unafanyaje? Unausawazisha na wa pili! Nikachomoa mkasi. Mchano kulia, mchano kushoto, mwingine chini yake, nikipuliza vumbi lisilokuwepo kwa mazoea. Nilipomaliza nikauchomeka mkasi kwenye mfuko wa shati, nikarudi nyuma hatua mbili. Wallahi, lilipendeza.

Shangazi akaingia na jirani nyuma yake. Akaliona. Mkoba ukamdondoka.

"Limechanika! Jirani, tazama! Limechanika!" Akaruka, akanikumbatia, akanizungusha kama gunia la pamba. "Mchicha ulioshiba, eeh? Sema sasa!"

Jirani aliinama akalitazama kwa karibu sana. "Mbona michano imelingana hivi?"

"Wivu huo!" alisema shangazi, machozi yakimlengalenga. Akaliinamia jani kulibusu, pua yake ikasita. "Mbona linanukia kama saluni?"

"Majani machanga ndivyo yalivyo, shangazi," nikasema upesi. "Nimelinusa mwenyewe likifunguka."

"Mwanangu umenifurahisha. Baraza ni lako. Kalete kiti chako leo hii hii!"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nusu natembea nusu nacheza, niliposikia sauti kutoka dirishani. Fundi rangi alikuwa amerudi juu ya ngazi, viwiko kwenye kizingiti, brashi mkononi, ametulia kama mtu aliyekaa pale muda mrefu.

"Kinyozi," akasema, akipapasa nywele zake zilizojaa chokaa, "nami nikimaliza ukuta huu naomba uninyoe. Ila mkasi ule ufute kwanza, bado una majimaji ya kijani."

Shangazi akageuka, akautazama mfuko wa shati langu.