Mkate wa Milka

Aoko anakaanga samaki ufuoni Dunga, na kibanda chake kimepakana na changu cha omena, dagaa wa ziwani, kwa hiyo mambo yake nayajua hata nisipotaka. Mwaka huu niliyajua kupita kiasi.

Yeye na Milka wameolewa na ndugu wawili, na tangu wakiwa maharusi kazi yao ilikuwa kuchambana kuhusu mapishi. Ugali wako mbichi, mchuzi wako maji matupu, wanacheka, wanakula. Lakini mwezi wa nne, matangani kule Pap Onditi, Milka akapitiliza. Mbele ya wakwe na wageni alitangaza kwamba Aoko hukaangia watu samaki kwa mafuta ya juzi. Hakuna aliyecheka. Aoko aliweka mwiko chini akaapa hataonja tena chakula kilichotoka mkononi mwa Milka. Kwetu Waluo kiapo cha namna hiyo si hasira tu. Ukikivunja hivi hivi, bila nyinyi wawili kunywa dawa ya majani pamoja, unaita chira, ule ugonjwa wa laana unaomkondesha mtu mpaka aishe.

Sasa, ni nani anayeoka mkate wa Meza ya Bwana kanisani kwetu? Milka. Ndiye mwenye oveni.

Basi kila Jumapili ya ushirika Aoko alibaki kitini, watu wakinong'ona kuwa ana dhambi kubwa. Alivumilia. Kilichomshinda ni mjukuu. Mtoto wa Sydney, mwanawe wa pekee, alikuwa abatizwe, na kanisani kwetu anayembeba mtoto lazima ashiriki Meza. Akikataa mkate, mtoto angebebwa na bibi wa upande wa pili, mama mzuri sana ambaye Aoko hampendi hata kidogo.

Siku moja kabla ya ubatizo Pasta Simiyu akaja ufuoni, viatu vimejaa matope.

"Mama, samehe. Saba mara sabini."

"Pasta, mimi nimesamehea yeye kitambo. Lakini mdomo iliapa. Wewe ni Mbukusu, kwani kwenu haiko hivyo?"

Pasta akakuna kidevu. "Hata kwetu iko. Basi tununue mkate ya duka."

"Ndio kanisa yote ijue ni mimi? Apana!"

Hapo nikashindwa kunyamaza. Mahubiri ya msamaha yananichosha kwa jambo moja: humwendea aliyeumizwa, na aliyeumiza anaachwa alale usingizi wake.

"Na Milka je, Pasta? Yeye umehubiria lini?" nikauliza.

Akanitazama, akaaga.

Saa ya chakula cha mchana, watu wa mjini wamejaa Dunga kula samaki, Pasta akarudi. Nyuma yake alikuwa Milka, kabeba ugali uliofunikwa kwa kitambaa na kikombe cha maji ya majani machungu. Akaketi mbele ya karai la Aoko.

"Nyieka," akasema, kama wake wa ndugu wanavyoitana kwetu, "nipe samaki. Ile kubwa."

Aoko akamkaangia. Milka akala mbele ya watu wote, akanyonya kichwa, kisha akasimama.

"Mnaniskia? Huko matangani nilisema mafuta ya huyu mama ni ya zamani. Nilidanganya. Watu walikuwa wanasifu chakula yake, yangu hakuna mtu aligusa. Wivu ilinishika." Akamgeukia Aoko. "Nyieka, nimekosa."

Wateja wakaacha kutafuna. Pasta akachungulia kikombe.

"Hii ni nini?"

"Ni majani tu, Pasta," Milka akajibu.

"Majani aliumba Mungu," akasema, akafumba macho akaombea.

Wakanywa kwa zamu, nyuso zimekunjamana kwa uchungu. Kisha Aoko akamega ugali wa Milka, akala, machozi yakimtoka, akamega tena. Nami nililia, na sisingizii moshi.

Jumapili Aoko alisimama mbele, mjukuu begani. Akapokea mkate, akautafuna taratibu, halafu akageukia kwaya, alikosimama Milka.

"Milka," akasema, kanisa zima likasikia, "hii mkate haina chumvi."

Milka akacheka mpaka akakaa chini. Pasta, kikombe mkononi, akawangoja wamalize.